Campo Yako Ikipewa Hafla Kubwa: Rada Yote Komredi Anafaa Kuwa Nayo

Unashuka asubuhi na ndoo yako kutafuta maji, unapata wasee wamejazana kwa notisibodi kama siku ya matokeo. Kuna memo mpya, imepigwa muhuri. Chuo kimepewa heshima ya kuwa mwenyeji wa hafla ya kitaifa, hongera kwa wote, na kwa hivyo wanafunzi wa hosteli fulani wanaombwa kutoka vyumbani kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Nusu ya umati inashangilia likizo ya bure. Nusu nyingine iko kimya, inapiga hesabu ya nauli ya kufika Lodwar na HELB bado haijaingia.

Kama hujawahi kupitia hii kitu, ngoja tu, siku yako inakuja. Hapa Kenya vyuo vikuu vimekuwa vikipokea wageni wazito kwa miaka mingi, kuanzia Papa, wanariadha wa dunia nzima, hadi wagombea urais. Hii hapa ni stori kamili ya jinsi mambo huenda, kinachovurugika, na vile unaweza kujipanga usipatikane na aibu ya kulala kwa korido.

Kwa nini campo na si hoteli?

Jibu ni rahisi, campo ni mji mdogo wenye ukuta. Ina vitanda maelfu, jikoni kubwa, viwanja, kumbi, zahanati, na mageti ambayo makarao wanaweza kuyafunga wakitaka. Hakuna hoteli Nairobi inaweza kulaza watu wengi hivyo mahali pamoja na bado ibaki na uwanja wa mazoezi.

Kuna pia hesabu ya jina. Chuo kikipokea mgeni mkubwa, picha zake zinazunguka dunia, na barabara iliyokuwa na mashimo miaka mitano inapata lami kwa wiki mbili. Mwenye chuo anaomoka. Swali ni kama komredi naye anaomoka.

Mara tatu ambazo campo zetu zilibeba mzigo

Kwanza, Chuo Kikuu cha Nairobi, Novemba 2015. Papa Francis alitua Kenya tarehe 25, na siku iliyofuata, Alhamisi, akaongoza misa kwenye viwanja vya Main Campus. Serikali ilitangaza siku hiyo kuwa likizo ya taifa. Mvua ilinyesha vibaya, lakini watu walianza kufika usiku na alfajiri, wakakanyaga matope mpaka viatu vikabadilika rangi. Waliokosa nafasi walifuatilia kwenye skrini pale Uhuru Park na Central Park.

Sasa angalia ramani. Main imekaa kando ya Uhuru Highway na University Way, na hosteli nyingi ziko upande wa State House Road. Hizo ndizo barabara ambazo mgeni wa kiwango hicho anapitia au zinafungwa kwa sababu yake. Ukiishi hapo siku kama hiyo, hata kwenda tao kununua mkate ni safari ya kuzunguka mtaa mzima kwa miguu.

Pili, Kenyatta University, Julai 2017. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya riadha ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 18, kuanzia tarehe 12 hadi 16. Mbio zilikuwa Kasarani, lakini kijiji cha wanariadha kilikuwa KU, pale Kahawa. Ilikuwa chaguo la akili, maana kutoka KU hadi Kasarani ni mwendo mfupi kwa Thika Road kama hakuna jam. Hosteli zilirekebishwa ili ziwapokee vijana kutoka nchi zaidi ya 100. Kenya ilimaliza na medali 15, siku ya mwisho Kasarani ikajaa pomoni, na hayo yakawa mashindano ya mwisho ya aina hiyo duniani.

Kabla ya hapo, Julai 26, 2015, KU ilikuwa imepokea mgeni mwingine. Rais Barack Obama alikutana na mashirika ya kiraia kwenye kituo cha YALI kilicho ndani ya chuo hicho. Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Ulinzi wake haukuwa mfupi.

Tatu, Catholic University of Eastern Africa, pale Lang'ata. Mdahalo wa urais wa 2017 ulifanyika hapo Julai 24, na ule wa 2022 ukafanyika hapo hapo Julai 26. Mara ya kwanza Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akasimama peke yake. Mara ya pili Raila ndiye hakutokea, William Ruto akaongea peke yake. George Wajackoyah naye alifika mlangoni akaishia zake. Funzo kwa komredi ni kwamba unaweza kufungiwa geti siku nzima kwa ajili ya mgeni ambaye mwishowe haji.

Vitu vitano vinavyovurugika kila mara

1. Geti na barabara. Geti la kawaida linakuwa la wageni, wewe unapelekwa lile la nyuma ambalo hujawahi kujua lipo. Foleni ya ukaguzi inameza saa nzima. Mathree zinashusha watu mbali, na nduthi haziruhusiwi kukaribia. Bei nayo inapanda, safari ya shilingi hamsini inageuka mia bila aibu.

2. Hosteli. Hii ndiyo inauma zaidi. Wageni wakilala chuoni, kuna mtu anatoka kitandani. Wanaoishi karibu wanarudi kwa mathe, wanakula chapo, wanangoja. Wanaotoka mbali, yatima, wenye watoto, na wageni kutoka nchi jirani hawana pa kwenda. Ndipo unaona chumba kimoja cha mtaani kinalala watu sita, godoro zimepangwa kama mikate.

3. Masomo. Wiki inayopotea lazima irudi kutoka mahali. Mara nyingi inarudi kwa njia ya darasa la Jumamosi, CAT tatu siku moja, au mtihani kusogezwa mpaka unagongana na kibarua ulichokuwa umepata kwa likizo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, wiki mbili zinaweza kuamua kama atavaa gauni mwaka huu au mwaka ujao.

4. Msosi na maji. Mesi ikipewa wageni, menu inabadilika na bei pia. Vibanda vya nje vinaambiwa vifunge "kwa sababu za usalama". Mama wa madondo aliyekuwa anakupa chakula kwa mkopo anakaa nyumbani siku tano bila mapato, na wewe unakula biskuti. Maji nayo yanaelekezwa kule wageni waliko.

5. Intaneti na maktaba. Wageni na wanahabari wakimiminika, mtandao unakuwa mzito kama uji. Maktaba ikiwa karibu na ukumbi mkuu, inafungwa. Kama ulikuwa umepanga kumaliza mradi wako wiki hiyo, pole.

Usalama si mchezo

Wengi wetu tunalalamikia ukaguzi mpaka tukumbuke 2015 ulikuwa mwaka gani. Aprili 2 ya mwaka huo, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Hakuna mkuu wa chuo baada ya hapo anayeweza kufungua geti kiholela.

Lakini kuna upande wa pili ambao hauongelewi sana, hofu yenyewe inaua. Siku kumi tu baada ya Garissa, alfajiri ya Aprili 12, transfoma ililipuka karibu na hosteli za Kikuyu Campus ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaanza kuruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakaumia. Novemba 30 mwaka huo huo, zoezi la usalama katika chuo cha Strathmore lilizua taharuki ya aina hiyo na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Hizo mbili hazikuwa sherehe wala misa. Lakini zinafundisha kitu ambacho kila hafla kubwa inahitaji, watu waambiwe mapema. Makarao waliojihami wakitokea asubuhi bila mtu kueleza, au milango ya dharura ikifungwa ili wageni wasisumbuliwe, unapika janga. Ukiona mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, hiyo si ya kunyamazia. Mwambie msimamizi wa hosteli, mwambie kiongozi wa wanafunzi, na piga picha.

Haki zako, bila kupayuka

Chuo kina uwezo wa kubadilisha ratiba, hilo halina ubishi. Ila uwezo huo una mipaka.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa kiutawala kwa njia ya haraka, halali, ya busara na ya haki. Kama uamuzi unakuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hivyo "tokeni kesho" bila maelezo ni kitu unaweza kuuliza maswali.

Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari. Chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari, ofisi ya umma inafaa kujibu ombi lako ndani ya siku 21. Unaweza kuuliza kama kuna mpango wa kurudishia wanafunzi pesa za malazi ya siku walizotolewa, au nani analipia vitu vikipotea chumbani. Wakinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaijua kama Ombudsman.

Kifungu cha 37 kinaruhusu maandamano, mradi yawe ya amani na bila silaha. Kurusha mawe kwa magari ya wageni hakumo humo, na kunaweza kukukatia masomo kabisa.

Jinsi ya kujipanga memo ikitoka

Soma memo yote, usisikie kwa mdomo. Tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi ndizo muhimu. Piga picha ya karatasi yenyewe.

Hesabu nauli mapema. Mabasi ya mbali yanapandisha bei wanafunzi wote wakitoka siku moja. Ukiweza kusafiri siku moja kabla, utaokoa kitu.

Andika orodha ya vitu ulivyoacha chumbani na upige picha za chumba. Laptopu, vyeti na kitambulisho usiache, hata ukiambiwa kuna ulinzi.

Huna pa kwenda? Sema mapema, kwa maandishi, kwa ofisi ya wanafunzi. Vyuo huwa vinaweza kutenga hosteli moja kwa wasioweza kusafiri, lakini hakuna anayejua uko katika hali hiyo kama umenyamaza kwa aibu.

Beba kitambulisho cha chuo kila mahali. Siku ya hafla, uso wako haujulikani hata na bawabu mliyekuwa mnasalimiana kila siku.

Kama una CAT iliyogongana, mwandikie lec kabla ya siku yenyewe na ubaki na nakala. Marks zikipotea baadaye, karatasi ndiyo itakutetea.

Jisajili kama mfanyakazi wa kujitolea. Hafla hizi zinahitaji watu wa kuelekeza wageni, kutafsiri, kubeba vifaa. Hata kama malipo ni madogo, unapata cheti, chakula, na namba za watu ambao siku moja watakupa kazi.

Na je, kuna faida?

Iko, tusidanganyane. Hosteli zikipakwa rangi, mgeni analala siku tano na wewe unabaki nazo miaka. Mwanafunzi wa uanahabari aliyesimama nyuma ya kamera siku ya mdahalo alijifunza kitu ambacho hakipo kwenye vitabu. Na kuna watu watawaambia wajukuu wao kwamba walinyeshewa na mvua ya misa ya Papa wakiwa uwanja ule ule waliokuwa wanachezea mpira.

Shida huanza pale faida inaenda juu na gharama inashuka chini. Chuo kinapata jina, wageni wanapata vitanda, serikali inapata picha. Komredi wa kutoka Lodwar anapata karatasi kwa notisibodi na siku mbili za kutafuta nauli.

Tofauti kati ya hafla iliyopangwa vizuri na ile mbovu ni mambo matatu tu: taarifa ya mapema, mahali pa kulala kwa asiye na pa kwenda, na ratiba ya kufidia masomo iliyotolewa kabla watu hawajaondoka. Hakuna hata moja kati ya hayo inahitaji mabilioni.

Kwa hivyo siku memo ikipigwa muhuri, kabla hujapiga kelele za likizo, angalia pembeni yako. Kuna msee amenyamaza. Muulize analala wapi.