Kizazi Hakitolewi

Kadi ya mwaliko ilikwama kwenye mstari wa tatu. Wa kwanza ulikuwa na jina la ukoo, wa pili ulisema "tunayo furaha kukualika katika", halafu kalamu ikasimama. Katika nini? Shangazi yangu wa Tanga alikuwa amepangiwa upasuaji, na kabla hata hajapewa kitanda alikwisha kuamua kwamba akipona atafanya shughuli: pilau, sare ya kijora, muziki na kamati ya michango. Kaka zake wakaniletea karatasi mimi, kwa kuwa kazi yangu ni tafsiri.

"Andika hafla ya kutolewa kizazi," akasema baba mdogo.

Bibi akaweka kikombe chini. "Kutolewa kizazi? Mnamwalikia watu au mnamlaani?"

Baba mdogo alidhani bibi anaona haya. Haikuwa haya. Bibi, ambaye hajawahi kufungua kamusi, alikuwa ameligusa tatizo la istilahi lililonisumbua kila nilipotafsiri vijitabu vya afya: upasuaji ambao madaktari wanauita histerektomia, sisi tunauita kwa jina linalobeba zaidi ya kile kinachokatwa.

Kizazi limetokana na zaa, na limetwishwa mizigo mingi. Ni watu wa rika moja, ndiyo maana tuna muziki wa kizazi kipya. Ni ukoo unaoshuka kutoka kwa mtu, watoto, wajukuu na vitukuu. Ni uwezo wa kuzaa, kama tunaponong'ona kwamba fulani "hana kizazi". Na ni kile kiungo chenyewe cha ukubwa wa ngumi, kilicho nyuma ya kibofu, kinachobeba mimba. Daktari anaposema "tutakitoa kizazi" anakusudia maana ya mwisho tu. Masikio ya nyumbani husikia zote nne kwa pamoja. Kwa mwanamke ambaye bado anatamani mtoto, sentensi hiyo ni zaidi ya taarifa ya upasuaji. Wapo hata wasemao "alikatwa kizazi", na hapo bibi ana haki ya kusikia laana.

Kizazi kina tatizo jingine: kimezungukwa na majirani wanaofanana nacho. Kufunga kizazi ni njia ya uzazi wa mpango, mirija inafungwa au kukatwa na mfuko wa uzazi unabaki mahali pake, na hedhi inaendelea. Kusafisha kizazi ni kuondoa mabaki, kwa mfano baada ya mimba kuharibika. Kizazi kutoka ni ugonjwa: misuli na kano zinazokishikilia zimelegea, kikateremka ukeni, wakati mwingine hadi nje. Sasa sikiliza tofauti kati ya "kizazi kimetoka" na "kizazi kimetolewa". Ya kwanza ni ugonjwa, ya pili inaweza kuwa tiba yake, na kinachozitenganisha ni mwisho wa kitenzi tu. Tena kitenzi toa chenyewe kina historia yake, kwani "kutoa mimba" ni jambo lingine kabisa. Mwanamke akisema kwa mkato "nilitoa", msikilizaji ataijazia sentensi kwa anavyojua yeye.

Je, tuchukue basi neno la Wagiriki na kuliandika kwa sauti zetu? Histerektomia imeundwa kwa hystera, mji wa mimba, na ektome, kukata na kuondoa. Sehemu hiyo ya pili tunaikuta pia katika apendektomia, kuondoa kidole tumbo. Faida yake ni kwamba Mkongomani wa Lubumbashi aliyeandikiwa cheti kwa Kifaransa na Mkenya aliyeandikiwa kwa Kiingereza watalitambua hilo hilo moja. Lakini tusidhani neno la kigeni ni safi kwa sababu tu hatuisikii harufu yake. Kutokana na hystera hiyo hiyo lilizaliwa neno histeria, kwa kuwa matabibu wa Ugiriki ya kale walidhani mji wa mimba unaweza kuhamahama mwilini na kumletea mwanamke maradhi. Kwa karne nyingi mwanamke aliyelalamika alionekana ana kasoro ya tumbo. Kumbe nao wana kizazi chao kinachosema zaidi ya kiungo.

Upasuaji wa kisasa ni mchanga kuliko mizizi hiyo ya Kigiriki. Conrad Langenbeck, daktari wa Ujerumani, aliuondoa mfuko kupitia ukeni mwaka 1813. Walter Burnham alifanya hivyo kwa kupasua tumbo huko Lowell, Marekani, mwaka 1853, na mgonjwa wake akapona, jambo lililokuwa nadra. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Pavia, Italia, aliutoa mfuko mara tu baada ya kumzalisha mama kwa kisu, ili kuzuia damu isimwue. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaanza kufanywa kwa matundu madogo na kamera. Kinachofaa kwa nani huamuliwa na ugonjwa, ukubwa wa uvimbe na vifaa vilivyopo.

Istilahi nzuri inapaswa pia kueleza kiasi gani kimeondolewa, na hapa Kiswahili chetu cha kila siku hunyamaza. Kuna kuondoa mfuko pamoja na mlango wake. Kuna kuondoa mfuko na kuuacha mlango, na aliyeachiwa mlango bado anahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kuna upasuaji mpana zaidi wa saratani, unaochukua pia tishu za pembeni na sehemu ya juu ya uke. Vifuko vya mayai ni swali la peke yake. Vikibaki, hedhi hukoma lakini homoni huendelea kutoka. Vikiondolewa vyote viwili kabla ya umri wa kukoma hedhi, joto la ghafla na jasho la usiku huweza kuja mara moja. Anayeambiwa "umetolewa kizazi" na kuishia hapo hajui yuko katika kundi lipi, na hilo ni swali la kumwuliza daktari kabla ya kutia saini.

Tulikuwa na majina mengine ya kujaribu. Mji wa mimba ni la wazee wa pwani, zuri kwa sikio, lakini kijana wa mjini atauliza mtaa. Nyumba ya uzazi inaweza kumpeleka msomaji wodini. Uterasi ni la darasani. Likabaki mfuko wa uzazi. Halina mapambo, na hilo ndilo nililolipenda: mfuko unabeba kitu, kitu kikishatoka mfuko unaweza kuchakaa, ukauacha, na kilichobebwa kisipungue.

Kitenzi nilichagua kuondoa badala ya kutoa. Tunaondoa kero, tunaondoa mzigo. Anayeondolewa kitu amepumzishwa. Lakini badilisha mnyambuliko kidogo, useme "ameondokewa", na tayari watu wanatandika jamvi la matanga. Ondolewa na ondokewa, mzizi mmoja. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyoweka faraja na msiba karibu hivi, lakini yetu imeweka, na wanawake wanaotoka katika upasuaji huu wamesimama hasa katika nafasi hiyo nyembamba.

Kwa hiyo mgeni aseme pole au hongera? Inategemea alichoondolewa mwenyewe. Mama aliyeingia leba kwa furaha, damu ikakataa kusimama, mfuko ukaondolewa usiku huo huo ili apone, huyo hapelekewi muziki. Shangazi alikuwa na safari nyingine. Uvimbe ulikuwa umekua hadi madaktari wakaupima kama wanavyopima mimba, wiki 20, na majirani wakamuuliza anatarajia lini. Alilala juu ya kanga nyeusi. Alijua choo cha kila stendi kati ya Tanga na Segera. Aliongezewa damu mara mbili. Siku aliyopewa tarehe alinipigia: "Mwanangu, nimepata kibali cha kuhama." Kwa mtu kama huyu pole peke yake ni pungufu.

Huko Marekani na Uingereza wapo wanawake wanaoufanyia karamu upasuaji huu, wengine wakioka keki yenye umbo la mfuko wenyewe na mirija yake miwili. Bibi alipoonyeshwa picha alicheka hadi machozi, kisha akauliza nani atakayekula. Sisi hatukuhitaji keki hiyo, tulihitaji tarehe. Na tarehe tulikuwa nayo kitambo.

Baada ya kupasuliwa tumbo, kidonda cha ndani huhitaji takriban wiki sita kabla mtu hajarudia kazi nzito, wakati mwingine nane. Wiki sita ni siku 42. Pwani yetu ina kipimo cha karibu sana na hicho: arobaini. Mzazi hukaa ndani siku 40, hapiki, hachoti maji, analishwa uji wa pilipili manga, halafu anatoka na nyumba inajaa wageni. Shangazi hakujifungua, lakini mwili wake uliomba mapumziko yale yale. Tukamhesabia arobaini. Kukandwa tumbo kwa maji moto tu ndiko tulikokukataa, kwa sababu ya mshono. Hafla ikawekwa baada ya siku ya kurudi kliniki, ili daktari aseme kwanza na muziki ufuate.

Baba mdogo alipendekeza tufupishe: "hafla ya shukrani", basi. Shangazi, akiwa kitandani, akakataa. "Mtaani kwangu wapo wanaovuja damu kimya kimya kama mimi. Wakisoma shukrani watadhani nimepata nyumba. Andika kitu chenyewe." Kadi ikatoka hivi: "katika hafla ya kushukuru kupona kwa dada yetu baada ya kuondolewa mfuko wa uzazi". Bibi akaisoma mara mbili kwa sauti, akainua kikombe chake.

Siku ilipofika nilimkuta shangazi ameketi kwenye kiti kirefu barazani, amekatazwa kuinua chochote kizito kwa wiki mbili zaidi. Masufuria ya pilau yalikuwa yakivuka uwanja, mawili mawili, mikononi mwa wanawe, wajukuu na sisi watoto wa kaka zake. Alitutazama tukipishana, akamgeukia baba mdogo.

"Umekiona kizazi?" akamwuliza. "Kile pale, kimebeba masufuria."