Ngozi Inayogusa Ngozi

Tulipofasiri darasani agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu rangi, tulikwama: ngozi ya kiatu inagusa ngozi ya mvaaji, na Kiswahili kina neno moja tu! Tuliliacha hivyo, kwani historia yenyewe inaziunganisha.

Mwaka 1895 Ludwig Rehn, daktari mpasuaji wa Frankfurt, alieleza saratani ya kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Hata hivyo, Ujerumani ilipiga marufuku rangi za azo zinazoweza kuachia benzidini na jamaa zake mwaka 1994 tu. Umoja ukafuata baada ya miaka minane. Rangi za azo zisizoziachia zilibaki halali, zikawa mbadala. Kwa hiyo mfasiri anayeandika “azo ni sumu” amekosea.