Mwani wa Kiuyu: Kipato Kilitangulia, Kauli Ikabaki Nyuma

Kiuyu, rasi ya kaskazini mashariki mwa Pemba katika Wilaya ya Micheweni, haikujaaliwa ardhi ya karafuu. Mikarafuu ilistawi magharibi na katikati ya kisiwa. Huku mashariki ni maweni, mtu hulima muhogo na mtama baina ya mawe na kutegemea bahari. Katika mgawanyo huo wa riziki, mwanamume alikuwa na ngalawa na dema, na mwanamke akawa na kile kilichobaki maji yakipwa: kuokota kombe, kufukia makumbi na kusokota kamba. Kwa hiyo kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Unguja, huko Paje na Jambiani, mwaka 1989 kisha kikavuka hadi Pemba, kiliingia katika sehemu ya bahari ambayo tayari ilikuwa ya wanawake, na kikaipa kazi ya pwani thamani ya fedha taslimu. Fedha hizo ziliwafikia wanawake kweli. Mamlaka juu ya bei, vifaa na mali hayakufuatana nazo, na sasa bahari inapopata joto hata fedha zenyewe zimo hatarini.

Kazi yenyewe inaeleza mengi. Mkulima hukita vijiti mchangani, hutandika kamba baina yake, kisha hufunga mbegu moja moja kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, yote hayo katika saa chache za maji ya bamvua. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akabeba hadi nchi kavu mwani unaochuruza maji, akauanika. Kilo 1 ya mkavu hutokana na kilo 7 hivi za mbichi, na anayelipwa hulipwa kwa ile moja. Hata hivyo, Zanzibar nzima ilipata wakulima zaidi ya 20,000, takriban wanne kati ya kila watano wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno hutoka Pemba. Sare za skuli, bati na vyombo vya ndani vilinunuliwa bila kumsubiri mume arudi dago.

Wapo wanaosema hapa hapana dhuluma: wanaume nao walijaribu mwani, wakaona bei haiwalipi, wakarudi kuvua, wanawake wakabaki kwa hiari. Ni kweli walibaki, lakini hiari hupimwa kwa njia nyingine alizonazo mtu. Mwenye ngalawa aliweza kuikataa bei ndogo. Asiye nayo alichagua baina ya bei hiyo na kutopata chochote. Wengine huyatetea makampuni yanayonunua mwani kwamba ndiyo yaliyotoa kamba na mbegu. Ni msaada wa kweli kwa asiye na mtaji, ila ulikuja na sharti la kumuuzia aliyeutoa. Mnunuzi akiwa mmoja, mizani yake na bei yake, mkulima hana pa kwenda.

Pigo kubwa limetoka baharini. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko aina nyingine inayolimwa, spinosum, ulianza kufa kwa wingi katika miaka ya 2000, maji ya pwani yalipozidi joto na maradhi yakashamiri. Watafiti, akiwamo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, wamehimiza kulima kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi. Kitaalamu ni sawa. Lakini kina kirefu kinataka chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo malezi ya pwani yamewapa zaidi wavulana. Zao likihamia huko bila wanawake kuandaliwa, litakuwa limehamia mikononi mwa wanaume bila sheria yoyote kubadilishwa.

Atakayejibu kwamba sheria zimesonga mbele atakuwa amesema kweli. Mwaka 1957 wanawake wa Zanzibar hawakupiga kura; mwaka 1961 walipiga. Leo viti maalumu vinawahakikishia nafasi katika Baraza la Wawakilishi, na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imefungua mlango wa kugawana mali ya ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Tatizo ni kuuthibitisha. Bati lililonunuliwa kwa fedha za mwani limekaa juu ya nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha mume, na talaka ikitoka, mke asiye na stakabadhi za mauzo yake anabaki na maneno matupu mbele ya kadhi. Ndiyo maana kipimo cha usawa Kiuyu si idadi ya wanawake walioko shambani, kwani hiyo imekuwa kubwa kwa zaidi ya miaka 30. Wapatiwe vyombo vyenye majina yao, wasichana wafundishwe kuogelea, bei ijadiliwe na vikundi vyao, na kila kilo inayopimwa iandikiwe stakabadhi kwa jina la aliyeilima.