Siku nyekundu za kalenda zilitoka wapi, na mkulima wa Lushoto azipangieje mazao



Kila mwisho wa Desemba napigiwa simu za aina moja. Mtu ana kabichi zimefunga vizuri shambani, lakini ni tarehe 27. Dalali wa Ilala hapokei simu, lori la kushuka Mombo halipo, na yeye anauliza afanyeje. Ukweli ni kwamba swali hilo lilitakiwa kuulizwa Agosti. Kwa hiyo leo chukua ile kalenda ya ukutani, ile yenye siku nyekundu, tuisome pamoja. Tuanze na nani aliziweka hizo siku, kwa sababu ukijua aliziweka kwa ajili ya nini, utajua zipi zinaleta mteja na zipi zinafunga ofisi tu.

Wazee wetu hawakuwa na kalenda ya karatasi. Walihesabu kwa mvua, na hata utawala waliupima hivyo. Mfalme wa Kilindi pale Vuga alisifiwa kwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana, au alilaumiwa kwa kubana shi. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, bado anatajwa kwa enzi za kushiba. Mwaka ulikuwa wa shamba, na mkubwa alihukumiwa kwa shamba.

Wajerumani walikuja na mwaka mwingine. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, na siku kubwa ya serikali yao ikawa tarehe 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaiser Wilhelm II. Lakini siku zilizomuuma Msambaa hazikuwa za gwaride. Mwaka 1907 ililetwa kadi ya kazi. Kila mwanaume alitakiwa kufanya kazi kwa mlowezi siku 30 ndani ya kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Piga hesabu mwenyewe: siku 90 kwa mwaka. Wewe unayelima mahindi na maharage unajua maana ya kukosa wiki mbili tu za palizi. Mwenye kadi hakuchagua zikatwe wiki zipi.

Waingereza nao walikuwa na siku zao, Empire Day tarehe 24 Mei na siku ya kuzaliwa mfalme. Sisi wa milimani tunawakumbuka zaidi kwa matuta. Mwaka 1946 walianzisha mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha wakaupanua hadi sehemu nyingine za Usambara, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Mimi naishi kwa kuhubiri makinga maji, na ninaamini udongo wetu unayahitaji. Ila kazi ile ilikula siku za watu, hasa akina mama, bila kuongeza debe la mahindi wanaloliona, na adhabu juu yake. Watu walikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ulikufa, na hasira ile ilikuwa imeshawapeleka wengi TANU.

Hapo ndipo tunafika kwenye kalenda yako ya leo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na baada ya uhuru Saba Saba ikawa sikukuu ya taifa, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa sikukuu ya wakulima pia. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, siku ya chama kimoja haikuweza kubaki vilevile. Katika miaka ya 1990 Saba Saba ikabaki ya maonesho ya biashara, na mkulima akapewa yake, tarehe 8 Agosti, Nane Nane. Nyingine unazijua: Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba. Zote hizi zimefungwa kwenye tukio la nchi. Hakuna hata moja iliyopangwa kwa kuangalia mvua za Usambara, na sikukuu hizi hazijazi sufuria ya mtu. Mjini siku ya Muungano watu wanapumzika, hawapiki pilau. Ukipeleka mzigo wa karoti Kariakoo ukitegemea Muungano utarudi na bei ya kawaida. Hata sherehe zenyewe zinaweza kubadilika. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta shamrashamra za Uhuru, na tarehe 9 Desemba watu wakashika mifagio.

Kazi ya siku hizo kwako ni kukuonya kwamba milango imefungwa. Angalia Aprili. Kuna Karume, mara nyingi Pasaka inaingia hapo na Ijumaa Kuu yake na Jumatatu yake, kisha Muungano, na siku tano baadaye Mei Mosi. Huo ndio wakati wa masika, mahindi yanataka mbolea ya kukuzia. Kama una jambo la benki, la halmashauri au la mbolea ya ruzuku, limalize Machi.

Sikukuu zinazojaza sufuria ni za dini, na hizo zina historia yake. Uislamu ulipanda milima hii na wafanyabiashara waliotoka pwani, upande wa Pangani. Ukristo ulikuja na wamisionari, waliofika Mlalo mwaka 1891, na mboga tunazoziita za Kizungu zilikuja na wamisionari na walowezi. Reli iliyotoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mboga ya mlimani ikapata njia ya kufika mjini. Tangu hapo kabichi, karoti na viazi vya Lushoto vimekuwa vikifuata meza ya mtu wa Tanga, na baadaye Dar es Salaam. Meza hiyo inakuwa kubwa Krismasi, Pasaka, Ramadhani na Idd.

Sasa Krismasi. Soko linanunua kabla ya siku yenyewe. Mzigo unatakiwa uwe mjini kati ya tarehe 18 na 22 Desemba. Tarehe 24 unakuta wenzako wote wameshuka, na mnunuzi anajua huwezi kurudi nao, hapo ndipo anadai lumbesa. Hesabu kurudi nyuma. Kabichi ikikaa kitaluni wiki nne hadi tano, kisha shambani siku 95 hadi 100 kwa baridi yetu, mbegu inatakiwa kuingia kitaluni karibu na tarehe 8 Agosti. Ndiyo, Nane Nane. Sikukuu yako inaangukia siku ya kusia kabichi ya Krismasi, na ni bahati tu, hakuna aliyepanga hivyo. Kanda yetu ya Mashariki maonesho yako Morogoro. Nenda ukipata nafasi, ila kitalu kiwe kimeshamwagiliwa na yupo wa kukiangalia.

Viazi mviringo na karoti vya sikukuu hiyo vinaingia ardhini wiki ya kwanza ya Septemba, bondeni penye maji, kwa sababu vuli haijaanza. Nyanya ni kamari zaidi. Zitaiva wakati wa mvua za vuli, na ukungu wa bakajani hausubiri sikukuu. Kama huna uwezo wa kupulizia dawa kwa ratiba, weka eneo dogo. Ukisubiri mpaka siku ya Nyerere ndipo upande, utavuna mwisho wa Januari, wakati mteja wa mjini ameshalipa ada na sare za shule na amebakiwa na nauli.

Idd inahitaji hesabu nyingine. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 Idd el Fitri ilikuwa 10 Aprili, mwaka 2025 ikawa 31 Machi. Ukipanda kwa tarehe za mwaka jana unachelewa, na ukifanya hivyo miaka mitatu umechelewa mwezi mzima. Tena usisubiri Idd yenyewe. Futari ni mwezi mzima wa magimbi, ndizi mbichi, maharage na viazi, mazao ambayo tunayo. Na kwa kuwa siku ya Idd inategemea kuandama kwa mwezi, usitume nyanya zilizoiva sana ukilenga usiku wa mwisho.

Mwenye kumbukumbu atakwambia kuhusu mwaka 2000. Idd el Fitri iliadhimishwa mara mbili mwaka huo, mwanzoni mwa Januari na tena siku chache baada ya Krismasi. Jambo hilo linarudi. Ramadhani ya mwaka 2029 inatarajiwa kuanza katikati ya Januari, na ya 2030 wiki ya kwanza ya Januari, kisha nyingine tena mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Ile Januari tunayoilalamikia kila mwaka kuwa mbaya itakuwa na soko la futari kwa miaka kadhaa. Magimbi yanakaa ardhini muda mrefu, mengi zaidi ya miezi sita, kwa hiyo ya Ramadhani ya 2029 yanatakiwa yawe bondeni wakati wa masika ya 2028. Migomba ianze mapema zaidi ya hapo. Mwenye kipande cha bonde kilicholala aanze kutafuta mbegu za magimbi kwa jirani sasa, maana dukani huzikuti.