Daraja Dogo la Millwall

Kati ya Wales na kisiwa cha Anglesey upo mlango wa bahari uitwao Menai. Katika mwaka 1845 mhandisi Robert Stephenson alikuwa akitafuta njia ya kuyavusha magarimoshi mahali hapo. Wakuu wa jeshi la maji la Uingereza walikuwa wamekataa daraja la matao, kwa kuwa lingezuia merikebu zenye milingoti mirefu. Ndipo alipofikiri jambo lililowastaajabisha wengi: kasha refu la mabamba ya chuma, tupu ndani, na garimoshi lipite humo kama panya ndani ya mwanzi. Kutoka mnara hata mnara zilikuwa futi 460, na hesabu za siku zile hazikuweza kumhakikishia mtu kwamba kasha hilo halitavunjika.

Basi William Fairbairn, aliyeunda meli za chuma huko Millwall, London, akaanza kuvunja makasha madogo. Alijaribu ya mviringo, ya umbo la yai na ya pembe nne. Aliona kwamba mara nyingi upande wa juu ulikunjamana kama karatasi kabla upande wa chini haujapasuka. Kisha akajenga daraja la mfano, sehemu moja ya sita ya lile kubwa, urefu wake futi 75. Akalitundikia mizigo katikati hata likavunjika. Akatia nguvu pale tu palipovunjika, akalipakia tena. Mwishoni lilihimili tani 86.

Hapa msomaji aangalie sana. Ukizidisha kila kipimo cha mfano mara 6, kiasi cha chuma kinachokatwa ukilikata kasha kinazidi mara 36, bali uzito wake mara 216. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638. Kwa hiyo mtaalamu wa hesabu Eaton Hodgkinson alitaka minyororo ya kulishikilia daraja. Fairbairn alisema haina haja.

Mei 1847 daraja jingine la Stephenson, la mto Dee, lilianguka na garimoshi, wakafa watu watano. Nadhani mtu mwoga angeitundika minyororo siku ile ile. Stephenson aliyategemea majaribio, akaiacha.

Daraja la Britannia lilifunguliwa mwaka 1850, likatumika miaka 120, hata moto ulipoliharibu mwaka 1970. Lilijengwa upya, safari hii juu ya matao. Minara ya zamani ingalipo, na matundu yaliyoachwa kwa ajili ya minyororo yangali matupu.