Biskuti za Majilio: Meza ya Familia na Mikono ya Watoto

Katika kitabu hiki cha jubilei ya miaka 100 msomaji atakuta habari nyingi za majengo, za wachungaji na wainjilisti, za shule na za kwaya. Yafaa tukumbuke pia kwamba imani haikurithishwa kanisani peke yake. Ilirithishwa nyumbani, karibu na moto, kwa kazi ndogo ndogo ambazo watoto walipewa sikukuu ilipokaribia. Makala hii inaeleza mojawapo ya desturi za namna hiyo, yaani kuoka na kupamba biskuti za Krismasi pamoja na watoto, kama ilivyokua huko Ujerumani, nchi walikotoka wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893.

Desturi hii haikuanza kama furaha ya watoto. Katika Zama za Kati majuma ya Majilio yalikuwa wakati wa kufunga, na siagi ilikatazwa. Mwishoni mwa karne ya 15 watawala wa Saksonia walipeleka maombi Roma, nao wakapewa barua iliyowaruhusu watu wao kutumia siagi kwa malipo ya fedha. Mwaka 1520 Martin Luther, katika waraka wake kwa wakuu wa Kikristo wa taifa la Ujerumani, alizikemea barua za aina hiyo. Aliona ni aibu kumwuzia Mkristo uhuru ambao Injili imekwisha kumpa bure. Hivyo hata siagi iliyomo katika biskuti ina sehemu yake katika historia ya Matengenezo ya Kanisa.

Nyakati hizo mikate ya asali na viungo iliokwa zaidi na watawa na mafundi. Mji wa Nürnberg, uliopokea Matengenezo mwaka 1525, ulipata asali kutoka msitu wa jirani, na viungo kwa njia kuu za biashara zilizopita mjini. Mwaka 1643 waokaji wa mikate hiyo, iitwayo Lebkuchen, walipata chama chao wenyewe cha ufundi. Unga uliokandwa ulibanwa katika vibao vya mti vilivyochongwa picha, na mapambo yalikuwa kazi ya fundi. Sukari nayo ilikuwa ghali, maana ilisafirishwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mtoto wa mtu wa kawaida hakuwa na la kufanya ila kungoja apewe.

Mambo matatu yaliigeuza hali hiyo. La kwanza ni sukari. Mwaka 1747 Andreas Marggraf wa Berlin aligundua kwamba mizizi ya viazisukari ina sukari ile ile iliyomo katika miwa, na mwaka 1802 mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, alianza kuitengeneza kiwandani huko Silesia. Katika karne iliyofuata bei ilishuka, hata sukari ikafika katika nyumba za kawaida. La pili ni jiko la chuma lenye tanuri, ambalo katika karne hiyo ya 19 liliingia katika jikoni za familia. Mama hakulazimika tena kupeleka unga wake kwa mwokaji.

Jambo la tatu ni namna watu walivyoanza kumtazama mtoto. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri, alifungua huko Hamburg nyumba ya kulelea watoto maskini na waliotelekezwa. Watoto hao walimwuliza kila siku Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mti akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, ili kila siku uwashwe mmoja. Ndiyo asili ya shada la Majilio. Watoto hao walipewa njia ya kungoja wakiwa na kitu cha kutazama na kuhesabu.

Biskuti za nyumbani zilifuata mafundisho hayo hayo. Unga wa asali hukandwa mapema, ukaachwa upumzike mahali penye baridi. Wakubwa husimamia tanuri. Watoto hukata nyota, mioyo na malaika kwa vibati vya bati. Biskuti zikipoa, sukari laini huchanganywa na ute wa yai, na kazi hugawanywa kwa umri: mdogo kabisa hubandika lozi, mkubwa huchora mistari. Kisha biskuti hufungiwa ndani ya mikebe hadi Krismasi. Zile za asali huwa ngumu mwanzoni, nazo hulainika polepole katika majuma ya kungoja. Wengine huweka kipande cha tufaha ndani ya mkebe ili kusaidia. Mtoto hujifunza hapo kwamba kilicho tayari si lazima kiliwe leo.

Lakini historia ya meza ile inagusa nchi yetu pia, na sehemu hiyo ni chungu. Biskuti hizi hutiwa karafuu. Katikati ya karne ya 19 Unguja na Pemba ziliongoza dunia kwa karafuu, na wafanyabiashara wa Hamburg, mji ule ule wa Wichern, walikuwa na ofisi Unguja tangu mwaka 1849. Mashamba hayo yalihudumiwa na watumwa, wengi wao waliotekwa bara, hata pande za Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897. Kwa miaka mingi, basi, harufu nzuri ya sikukuu katika jikoni za Ulaya ilichangiwa na jasho la Waafrika walionyang'anywa nyumba zao na watoto wao. Tukiusimulia uzuri wa desturi hii, hatuna budi kuusimulia na ukweli huo.

Kwetu mlimani Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Watoto na wajukuu huja kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na bibi hukanda unga wa maandazi. Mara nyingi wajukuu huambiwa wakae sebuleni wasichafuke, na biskuti hununuliwa dukani. Si kosa kununua. Hata hivyo, mtoto hukumbuka zaidi kile alichokifanya kwa mikono yake kuliko kile alichonunuliwa.

Wapendwa wazazi na walezi, historia ya miaka 100 ijayo ya usharika huu itaandikwa na watoto hao. Krismasi hii wapeni donge la unga, nafasi mezani, na mtu mzima wa kuwasimulia wanapofanya kazi. Hata andazi likitoka limepinda, liwekwe katika sahani ya wageni pamoja na mengine.