"Si walienda wenyewe?" Uzi kuhusu wanaokwama vitani

Juzi usiku nilikuwa nasikiliza mjadala kuhusu Wakenya wanaofanya kazi Mashariki ya Kati. Mmoja akasema serikali iwe tayari kuwatoa huko kukichafuka. Mwingine akamjibu kwa swali tu: "Kwani nani aliwatuma? Si walienda wenyewe?" Watu wakacheka, mjadala ukahamia bei ya unga.

Mimi sikucheka. Hilo swali lina historia, na nataka tuipitie. Sitataja chama wala mwanasiasa, kwa hivyo wale wa kutafuta vita huko chini, leo mtakosa.

Tuanzie nyumbani, kwa sababu watu hudhani mambo ya kukimbia vita ni ya majirani. Ghasia za 2007/08 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatoa zaidi ya 600,000 makwao. Picha tulizobaki nazo ni za mahema kwenye viwanja vya maonyesho, Eldoret na Nakuru, ama Jamhuri Park hapa Nairobi. Lakini wengi hawakulala kwenye hema hata siku moja. Walienda kwa shangazi, kwa binamu, ama wakakodisha chumba mji mwingine. Mamangu alipokea familia ya dadake, watu saba juu ya sisi wanne, vyumba viwili. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka tu kwamba tulilala kwa zamu kama abiria.

Serikali ilipoanza kutoa pesa, shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyebomolewa ama kuchomewa nyumba, pesa zilifuata orodha. Na orodha ziliandikwa zaidi kambini. Aliyepokewa na ndugu alionekana ashajipanga. Shangazi yangu hakupata kitu. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya, hakuwa kwenye karatasi basi.

Shikilia hiyo karatasi, tutairudia.

Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Wakazi wengi wa Kuwait wakati huo walikuwa wageni: Wahindi, Wamisri, Wabangladeshi, Wafilipino, watu wa Sri Lanka. Kwa wiki chache mamia ya maelfu yao walikuwa wamefika mpaka wa Jordan, jangwani, kwenye jua la Agosti. Akiba zao zilibaki benki za nchi ambayo ghafla haikuwa na serikali. Wengine hawakuwa na pasipoti kwa sababu pasipoti ilikuwa kwa mwajiri, na mwajiri naye ametoroka.

India ilituma ndege. Safari karibu 500 kwa takriban miezi miwili, zaidi ya watu 100,000 wakachukuliwa Amman. Na kabla mtu hajaandika "India ina pesa": mwaka uliofuata nchi hiyo ilikaribia kufilisika hadi ikaweka dhahabu yake rehani nje ili ipate dola. Hawakuwatoa watu wao kwa sababu ya utajiri.

Sehemu ambayo hata darasani hatukufundishwa ndiyo hii. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa uliunda tume ya fidia, ilipwe kutokana na mafuta ya Iraq. Aliyelazimika kutoroka Kuwait ama Iraq angeweza kudai kiwango maalum, kuanzia dola 2,500 kwa mtu mmoja na 5,000 kwa familia. Mfanyakazi wa nyumbani alihesabiwa sawa na injinia. Tume ililipa jumla ya dola bilioni 52.4 kwa wadai wa kila aina, na malipo ya mwisho yalikuja 2022. Lakini kwa kawaida mtu hakujipelekea dai mwenyewe. Serikali yake ndiyo iliyokusanya majina na kuyawasilisha. Karatasi tena.

Libya 2011 ilikuwa chungu zaidi kwetu kama Waafrika. Karibu watu 800,000 walivuka mipaka, wengi wao wafanyakazi wageni. Weusi walishukiwa kuwa mamluki, wakapigwa, wengine wakauawa kwa sababu ya ngozi tu. Waliofika kambi ya Choucha, Tunisia, walitegemea wametoka wapi. Kama kwenu kulituma ndege, unaenda. Kama wewe ni Msomali ama Mweritrea, utarudi wapi? Wapo waliokaa hapo miaka.

Sasa Lebanon, 2024. Mwishoni mwa Septemba mabomu yalizidi, na kwa muda mfupi zaidi ya watu milioni moja wakawa wamehama. Shule za umma ziligeuzwa makazi, hadi ufunguzi wa shule ukasukumwa mpaka Novemba. Familia za Lebanon ziliteseka, tusidanganyane: godoro moja kwa watu watano, dawa za kisukari zimebaki nyumba iliyoangushwa, choo kimoja kwa darasa zima la wageni.

Lakini kulikuwa pia na wafanyakazi wageni wapatao 170,000, wengi wanawake, Wakenya wakiwemo. Baadhi walifika kwenye hizo shule wakaambiwa nafasi ni za raia. Wakalala barabarani na kando ya bahari Beirut. Wengine waajiri walikimbia wakawaacha wamefungiwa ndani walinde nyumba.

Dada mmoja wa mtaani kwetu alikuwa huko. Tajiri wake alienda milimani na familia, akamwachia mkate na funguo za mlango wa nyuma. Tulikuwa tunasikia sauti zake za WhatsApp, ndege zisizo na rubani zikivuma nyuma yake kama pikipiki isiyofika. Mamake alikuja kwetu na nakala ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa nivipige picha, kwa sababu pasipoti ilikuwa kwenye kabati la tajiri, na kabati limefungwa.

Hapo ndipo swali la "si walienda wenyewe" linapoanguka. Kwenda, ndiyo, alienda mwenyewe. Kutoka hakuweza mwenyewe. Chini ya mfumo wa kafala, ukaaji wako unafungwa kwa mwajiri mmoja, na sheria ya kazi ya Lebanon ya 1946 inawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Ukitoroka bila idhini unageuka mhalifu. Hata ukipewa tiketi bure, bado unahitaji hati ya dharura ya kusafiria na kibali cha idara inayosimamia wageni. Na Kenya haikuwa na ubalozi kamili Beirut. Kulikuwa na balozi wa heshima, na ubalozi unaohusika uko Kuwait. Chakula na blanketi zilihitajika, lakini kilichohitajika kwanza ni mtu wa kusimama dirishani na kusema: huyu ni wetu, jina lake hili.

Ufilipino ilipitisha sheria mwaka 1995: ajenti aliyekupeleka ndiye wa kwanza kugharamia kurudi kwako, na kuna mfuko wa dharura kwa ajili ya vita na majanga. Tena mfanyakazi anaandikishwa kabla ya kuondoka. Sisemi Wafilipino hawateswi, wanateswa sana. Lakini vita ikianza, kwao kuna mahali pa kuanzia.

Kwa hivyo mjadala ujao, mgombea akikuahidi ndege, muulize ana majina mangapi na nani anayaandika, leo, wakati hakuna bomu.

Yule dada alirudi Desemba, baada ya vita kusitishwa. Anadai mshahara wa miezi minne. Ajenti aliyempeleka alibadilisha namba ya simu, lakini bango lake bado liko pale stejini, linatafuta wasichana wa kwenda.